Mtafunwa na Nyoka Darasani

Wazee walisema: Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Neno hili latufaa katika somo la mwezi huu, maana twajifunza jinsi ya kuwafundisha vijana waliopatwa na msiba. Tutatazama vyuo vya Marekani wakati wa ugonjwa wa korona.

1. Yaliyowapata. Tarehe 6 Machi 2020 Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kilitangaza ya kuwa masomo yatatolewa kwa njia ya intaneti. Tarehe 10 Machi Chuo Kikuu cha Harvard kiliwaambia wanafunzi watoke mabwenini kabla ya tarehe 15 kwisha. Vyuo vingi vilifanya vivyo hivyo. Wengine walirudi katika nyumba zilizosongamana. Wengine wazazi wao walipoteza kazi. Wengine walifiwa, wala hawakuweza kwenda kuzika. Mwishoni mwa Juni mwaka ule, idara ya serikali iangaliayo magonjwa, iitwayo CDC, iliwauliza watu wazima zaidi ya 5,000 habari za hali yao. Katika vijana wa miaka 18 hadi 24, kama mmoja katika kila wanne alisema ya kuwa katika siku 30 zilizopita amewaza kwa dhati kujiua.

2. Kwa nini somo halishikiki. Mtu mwenye hofu mwili wake wakesha kama mlinzi wa usiku. Moyo wapiga mbio, usingizi wapotea, na akili yatafuta hatari badala ya kushika maneno ya mwalimu. Asoma ukurasa mara tatu, asikumbuke kitu. Achelewa kuleta kazi, au anyamaza tu. Mwalimu asiyejua humwita mvivu na kumwadhibu, na kidonda huzidi. Lakini mwenye busara haulizi kwanza, “Una kosa gani?” bali, “Umepatwa na nini?”

3. Yampasayo mwalimu. Mwaka wa 2014 ofisi ya serikali ya Marekani iitwayo SAMHSA ilitaja mambo sita ya kuwatunza watu wa namna hii: usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa wenzi waliopatwa na mambo kama hayo, kushirikiana, kumpa mtu sauti na nafasi ya kuchagua, na kuangalia desturi na historia ya watu. Darasani maana yake ni hii: siku za kazi na mitihani zijulikane mapema, zisibadilishwe kwa ghafula. Mwanafunzi apewe kuchagua, aandike au aseme. Asilazimishwe kuonyesha uso wake katika intaneti, kwani huenda asomea jikoni kati ya ndugu zake. Wala asilazimishwe kusimulia msiba wake. Huku si kulegeza elimu. Ni kuondoa mawe njiani. Safari ni ile ile.

4. Mpaka wa kazi yake. Mwalimu si tabibu. Lakini akimwona mwanafunzi amejitenga, hali, halali, asema hana faida duniani, na amwite faraghani, amwulize waziwazi kama awaza kujiua. Wengi huogopa kwamba swali litampa wazo hilo. Sivyo, mara nyingi swali hufungua mlango wa kusema. Akikiri, asimwache peke yake, wala asimwahidi kuficha jambo hilo, bali ampeleke upesi kwa tabibu au mshauri. Tena mwalimu ajiangalie mwenyewe, maana abebaye mizigo ya wengi huchoka naye.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza ya kuwa hali ya dharura ya korona imekwisha. Nyoka amekwenda, lakini kwa wengi unyasi ungalipo. Tuwavumilie.

Maswali ya kujifunza:
(a) Ni dalili zipi ambazo mwalimu aweza kuzidhania uvivu?
(b) Katika darasa lako, ni jambo gani moja waweza kulitangaza mapema ili wanafunzi wasishtuke?