SOMO LA DARASA: MGONJWA NA DAWA ITOKAYO KATIKA BANGI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu Waislamu, leo twaeleza suala ambalo wengi huliogopa kwa ajili ya jina lake. Mama ana mtoto mwenye kifafa. Aanguka mara nyingi kwa siku, na dawa za kawaida hazikumfaa. Asikia kuwa iko dawa itolewayo katika bangi. Je, yajuzu kumpa? Na sisi, yatupasa kumsaidia au kumnyamazia?

Kwanza tutenge mambo mawili. Kuvuta bangi au kuila kwa ajili ya kulewa ni haramu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila chenye kulevya ni haramu, na Ibn Taymiyya aliikemea hashishi kwa ukali mkubwa. Hatukusudii kumfungulia mlevi mlango. Habari yetu ni ya mgonjwa.

Mti huu una vitu vingi ndani yake. Kimoja, kiitwacho THC, ndicho kilevyacho. Kingine, kanabidioli, hakilevyi. Mwezi wa Juni 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya kanabidioli, Epidiolex, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Dawa hiyo haikiondoi kifafa, bali hupunguza mara za kuanguka. Nayo yaweza kudhuru ini na kupambana na dawa nyingine. Kwa hiyo yataka daktari na kupimwa damu. Katika dawa kama hii, isiyolevya, sababu ya kuharimisha haipo.

Na ikiwa dawa ina sehemu ya kulevya? Turejee kwa wanavyuoni wa madhehebu yetu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amesahihisha kauli kwamba mtu mwenye kiungo kilichooza aweza kupewa kitu cha kuondoa akili, kisichokuwa kinywaji cha ulevi, ili kiungo hicho kikatwe. Ama Hadithi ya kwamba shifaa haikuwekwa katika haramu, yeye ameieleza kuwa ni pale ipatikanapo dawa nyingine ya kutosha. Na Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir kuvaa hariri kwa ajili ya upele uliowawasha, ingawa hariri ni haramu kwa wanaume. Lakini dharura hupimwa kwa kiasi chake: aseme tabibu mwaminifu, isiweko dawa nyingine, wala kipimo kisizidi.

Tutazame mofini. Hutoka katika afyuni, na mgonjwa wa saratani hupewa hospitalini kwa maumivu yake, wala hapana amwitaye mlevi. Kwa nini basi mama huyu atahayarishwe?

Mataifa nayo yameliangalia jambo hili. Tarehe 2 Desemba 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya madawa ya kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi katika orodha yenye vizuizi vikali kabisa ya Mkataba wa 1961, ingawa imebaki chini ya ulinzi. Morocco, nchi ya Waislamu, ilitunga sheria mwaka 2021 kuruhusu kilimo chake kwa tiba na viwanda, si kwa ulevi. Hapa Kenya sheria ya mwaka 1994 yamwadhibu mwenye bangi, lakini humtoa mwenye dawa aliyoandikiwa na daktari. Mlango huo una faida gani ikiwa daktari aogopa kuandika na duka la dawa halina cha kuuza? Ndipo mama hukimbilia kichochoroni, akauziwa chupa isiyojulikana yaliyomo. Dawa akaikosa na kesi akaipata.

Na lawama kubwa ni yetu. Mtoto akianguka twasema ni pepo. Twampeleka kwa mganga, twamvika hirizi, wala hapana akatazaye. Mama akitaja dawa ya daktari, twamwambia amche Mungu. Huku ni kuipindua dini.

Basi yatupasa haya: mgonjwa amuulize daktari, asijitibu mwenyewe, maimamu wabainishe juu ya mimbari tofauti ya ulevi na tiba, nasi sote tuwatake wabunge na wakuu wa serikali dawa hizi ziandikishwe, madaktari wafundishwe, na bei iwe ya kuwezwa na maskini. Kumwombea mgonjwa shifaa, kisha kumfungia njia yake, ni mambo yasiyopatana.

Wallahu aalam.