Ndovu, Shamba na Mzinga wa Nyuki

Mtu alimaye karibu na pori aijua habari hii bila kufundishwa. Amefyeka, amepanda, amepalilia mara mbili, na mahindi yameanza kukomaa. Kisha usiku mmoja ndovu wakaingia, na kulipopambazuka hapana shamba. Ndovu mkubwa aweza kula kadiri ya kilo 150 za majani na mimea kwa siku moja, na kile akanyagacho hupotea sawasawa na kile alacho. Ukimwambia mkulima huyu kwamba ndovu ni mali ya nchi nzima, atakuuliza: Mbona mali ya nchi nzima yala chakula cha nyumba yangu peke yake? Swali lake ni la haki. Mpango wo wote wa kuhifadhi nyama wa porini usiolijibu swali hilo hauwezi kudumu, maana mtu aliyekosa jibu hutafuta mkuki au sumu.

Leo twataka kueleza jibu moja lililojaribiwa huko Sagalla, karibu na Voi, katika nchi ya Taita-Taveta huko Kenya. Mashamba ya Sagalla yako kandokando ya hifadhi ya Tsavo Mashariki. Hifadhi ya Tsavo iliwekwa mwaka 1948, na pande zake mbili, Mashariki na Magharibi, pamoja zapita kilometa za mraba 20,000. Nchi kubwa namna hiyo haikuzungushiwa boma pande zote, na ndovu hutoka na kuingia kwa njia walizoonyeshwa na mama zao.

Warina asali wa zamani walijua kwamba ndovu huuepuka mti wenye nyuki. Mwaka 2002 wataalamu wawili, Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton, waliandika habari hiyo baada ya kuichunguza huko Kenya. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake wakaonyesha kwamba ndovu wakisikia mvumo wa nyuki tu, uliotolewa katika chombo cha kupazia sauti, wengi huondoka mahali pale. Ngozi ya ndovu ni nene, ni kweli, lakini nyuki hamsumbui mgongoni. Humchoma penye macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga, wala ndovu hana mkono wa kumtolea mwiba.

Basi uzio wa nyuki hufanywa hivi. Nguzo husimamishwa kuzunguka shamba, na kila baada ya meta 10 hutundikwa kitu kimoja: hapa mzinga wa kweli, mbele yake ubao uliokatwa kama mzinga na kupakwa rangi ya manjano, kisha mzinga tena. Ubao huo ni wa kumdanganya ndovu, nao hupunguza gharama. Shamba la eka moja lahitaji mizinga kama 12 na mbao 12. Vyote huunganishwa kwa waya mmoja upitao nje ya nguzo. Ndovu akija usiku na kuusukuma waya kwa kifua, mizinga yote iliyo karibu hutikisika, na nyuki hutoka kwa hasira. Mizinga isifungwe kwa nguvu katika nguzo: lazima ining'inie, la sivyo haitatikisika, na kazi yote ni bure. Tena kila mmoja uwe na kivuli juu yake, na mafuta mazito yapakwe katika waya za kuning'inizia ili siafu wasipande.

Je, uzio huu wafaa? Hesabu ya miaka mingi ya Sagalla, iliyotolewa mwaka 2024, yaonyesha kwamba katika majira ya mazao mazuri ndovu kama 86 katika kila 100 waliokaribia mashamba hayo waligeuka. Lakini tusifiche upande wa pili. Mwaka 2017 ulikuwa wa ukame mkali. Maua yalikosekana, nyuki wakahama, na kwa miaka mitatu iliyofuata asali ilipungua kwa robo tatu. Mzinga mtupu ni sanduku tu. Kwa hiyo kijiji kitakacho uzio huu na kitunze miti itoayo maua, na kuwawekea nyuki maji wakati wa kiangazi. Ndivyo mti uliohifadhiwa kwa ajili ya nyuki unavyolinda mahindi.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya nyama wa porini ya Kenya ya mwaka 2013 yaweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa mtu aliyeuawa na nyama, tena yataja fidia ya mazao. Hata hivyo fedha ya fidia huja baada ya msiba, na yaweza kuchelewa sana, hali njaa haichelewi.

Machifu na wazee wana kazi ambayo mkulima mmoja haiwezi, nayo ni kugawa ardhi. Mwaka 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilifunguliwa, nayo yapita Tsavo juu ya tuta refu. Reli ile nchi iliihitaji. Kwa hiyo waliojenga waliacha nafasi chini yake ili nyama wapite. Lakini nafasi hiyo yafaa nini, ikiwa mbele yake pamegawanywa viwanja? Kabla ya kumpa mtu shamba jipya, waulizwe wachungaji wa ng'ombe ni wapi ndovu hupita kiangazi na masika, maana wao waijua njia hiyo kuliko ramani.

Walimu nao waweza kuanza na mizinga miwili mitatu pembeni ya shamba la shule, mbali na madarasa na njia ya watoto. Asali hurinwa jioni au usiku, kwa moshi kidogo. Masega yenye watoto wa nyuki yasiguswe, na asali ya kuwatosha nyuki iachwe, hasa kiangazi kikikaribia. Mtu akivuna yote, nyuki watahama, na mwezi utakaofuata ndovu ataukuta waya mtupu.