Mapambo ya Sikukuu Yasiyoshonwa

Katika Mkoa wa Singida zimo nyumba nyingi zisizo na cherehani, na sindano ya mkono hupotea upesi ikiwa watoto ndio waitumiao. Hata hivyo, sikukuu ikikaribia, kila nyumba hupenda kupambwa. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, au siku ya Krismasi, au ya Idi, kamba yenye vitambaa vya rangi ikitundikwa mbele ya mlango huwajulisha wapitao njiani ya kuwa humo ndani leo mna furaha. Pambo hili laweza kufanywa bila sindano wala uzi, tena bila fedha nyingi. Lakini yapasa lifanywe kwa akili, maana Singida ina adui wawili wa mapambo, nao ni upepo na mvua. Mji wa Singida uko juu, kadiri ya mita 1,500 toka usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi upepo wake ni mkali. Kisha mvua za mwaka huanza mwezi wa Novemba au Desemba, ndipo sikukuu za mwisho wa mwaka zinapoingia.

Tuseme watoto wawili wa nyumba moja wanapamba upenu wa baba yao. Wa kwanza akata pembetatu nzuri, akunja ukingo wa kila moja juu ya kamba, na kuubandika kwa gundi ya unga. Wa pili hana subira ya gundi. Achana vitambaa virefu na kuvifunga mafundo tu. Jioni kazi ya wa kwanza ndiyo inayosifiwa. Usiku mvua yanyesha. Asubuhi pembetatu zote ziko chini matopeni, na mafundo yote yako juu, yamelowa lakini hayakulegea. Sababu yake ni hii: gundi ya unga ni wanga uliopikwa, nao ukipata maji hulainika tena, bali fundo la pamba halina kitu cha kuyeyuka.

Basi, kwa pambo la nje, kufunga ni bora kuliko kubandika. Nguo ifaayo ni kanga kuukuu au masalio ya kitenge, ambayo fundi cherehani huyatupa kikapuni barazani pake, na akiombwa kwa adabu huyatoa. Nguo hizo zimefumwa kwa nyuzi za namna mbili: mtande, ndio nyuzi ziendazo kwa urefu, na mshindio, ndio nyuzi zikatazo katikati yake. Mtu akikata kidogo tu kwa mkasi ukingoni mwa nguo, kisha akashika pande mbili na kuvuta kwa nguvu, nguo huchanika ikifuata uzi mmoja mpaka mwisho, sawa kama iliyopigwa mstari. Ukingo wa namna hii hutoa nyuzi chache kisha hutulia. Lakini akikata kwa mkasi bila kufuata uzi, nyuzi huweza kuendelea kutoka, na upepo huzidi kuzivuta. Fulana haichaniki hivyo, kwa kuwa imefumwa kwa vitanzi. Hiyo hukatwa kwa mkasi, nayo ikivutwa hujikunja kama mrija, jambo ambalo wengine hulipenda.

Upande mmoja wa kanga huwa na urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110, au karibu na hapo. Ukichanwa kwa upana, kila kipande kikiwa na sentimita 4, hupatikana vipande 37. Kila kipande kikikatwa mara tatu, vyote huwa 111, na kila kimoja kina zaidi ya sentimita 36. Vikipangwa kwa nafasi ya sentimita 4 hutosha kamba ya mita 4, na vichache husalia. Jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa karibu na pindo, litakatika lisisomeke tena. Kwa hiyo ni vema kumwuliza mama kwanza kama nguo ile ameiacha kweli.

Kamba nzuri ni ya katani. Mkonge utoao katani si mmea wa asili ya Afrika. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf. Kwa kazi hii sifa yake kubwa ni kukwaruza, maana kamba ya nailoni huteleza, na upepo husukuma vitambaa vyote vikarundikana upande mmoja.

Kufunga kwenyewe ni hivi. Kitambaa hukunjwa katikati, hata kiwe na kitanzi upande mmoja na ncha mbili upande wa pili. Kitanzi hupitishwa nyuma ya kamba, ncha mbili huingizwa ndani ya kitanzi, kisha huvutwa chini mpaka fundo likaze. Upepo ukivuta ncha hizo, hulikaza fundo badala ya kulifungua. Mtoto wa miaka saba hulijua baada ya kujaribu mara mbili tatu.

Kwa sikukuu ya Uhuru wengi huchagua rangi za bendera ya Taifa: kijani kwa nchi na mimea yake, manjano kwa madini, nyeusi kwa watu, na buluu kwa maji ya bahari, maziwa na mito. Bendera ya Tanganyika iliyopandishwa mwaka 1961 haikuwa na buluu. Rangi hiyo ilitoka Zanzibar baada ya Muungano wa mwaka 1964. Bendera yenyewe isikatwe kamwe ili kufanya pambo. Rangi zake na zitafutwe katika nguo nyingine.

Gundi nayo ina mahali pake, yaani ndani ya nyumba. Mtu akitaka neno KARIBU ukutani, hukoroga unga wa ngano au wa muhogo katika maji baridi, huchemsha huku akikoroga mpaka uwe mzito, kisha huupaka kidogo sana nyuma ya herufi za kitambaa na kuzikandamiza juu ya kitambaa kipana. Mende na panya huupenda wanga huo, basi herufi zisikae ukutani majuma mengi.

Ncha za kamba zifungwe penye boriti au mti, zisifungwe penye ukingo wa bati, kwa kuwa bati hukata katani, na kutu yake huchafua nguo. Sikukuu ikiisha, pambo huteremshwa, hukaushwa kivulini, na kuzungushwa juu ya kijiti bila kufungua fundo hata moja.