Picha Inayotengenezwa kwa Hesabu



Katika darasa letu tumejifunza mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Faida ya kusoma na kuandika twaiona kila siku. Barua ikija, tunaisoma wenyewe. Tukipeleka kahawa chamani, tunajua stakabadhi imeandikwa nini. Lakini wengine huuliza, "Hesabu nyingi za nini? Mimi najua kuhesabu fedha zangu, yatosha." Leo tutaona jinsi hesabu inavyoweza kuonyesha yaliyomo ndani ya kichwa cha mtoto mgonjwa bila kukipasua.

MAJI KICHWANI

Mama amejifungua salama. Baada ya wiki au miezi michache, kichwa cha mtoto kinaanza kukua upesi kuliko mwili. Utosi unatuna. Macho yanaelekea chini. Mtoto anatapika na kulia sana. Huo ni ugonjwa wa maji kichwani.

Kila mtu ana maji kidogo kichwani, ndani ya ubongo na kuuzunguka. Maji hayo yana njia yake ya kupita. Njia ikiziba, maji hujaa na kuubana ubongo. Mtoto asipotibiwa mapema anaweza kupofuka, kupooza, kudumaa akili au kufa.

Wapo wanaosema mtoto karogwa, au mama kavunja mwiko. Wengine humficha mtoto ndani. Hayo hayamsaidii mtoto, yanampotezea muda. Watoto wengine huzaliwa na ugonjwa huu. Wengine huupata baada ya kuambukizwa ugonjwa wa ubongo wakiwa wachanga.

Madaktari wa upasuaji wanaweza kuyafungulia maji njia. Lakini kabla ya kupasua, lazima wajue maji yamejaa wapi na ubongo uko wapi. Kwa hiyo wanahitaji picha.

SANDUKU LA BUNI

Kamera ya kawaida huona ngozi tu. Je, ndani twaweza kuona vipi? Fanyeni zoezi hili darasani.

Chukua sanduku lenye vyumba vinne. Vyumba vya juu viite A na B. Vya chini viite C na D. Tia punje za buni katika kila chumba, kisha funika. Wenzako wasione ndani. Waambie jumla hizi tu:

A na B pamoja ni 8.
A na C pamoja ni 5.
B na C pamoja ni 7.
Vyumba vyote vinne ni 16.

Sasa tufikiri. Tukijumlisha 8, 5 na 7 tunapata 20. Katika 20 hiyo, A, B na C kila kimoja kimehesabiwa mara mbili. Kwa hiyo A, B na C pamoja ni 10. Lakini A na B ni 8, basi C ni 2. A na C ni 5, basi A ni 3. B ni 5. Vyote ni 16, basi D ni 6.

Funua sanduku, uhesabu. Ndivyo ilivyo! Hatukuona ndani, lakini tumejua.

Kifaa cha hospitali kiitwacho CT hufanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo. Mionzi hupitishwa kichwani kutoka pande nyingi. Kila mionzi inapopita huleta jumla yake. Kompyuta huzichukua jumla zote na kutafuta kilichomo katika kila chumba. Vyumba vyenyewe si vinne, ni maelfu mengi. Mmoja wa walioanzisha hesabu hizi ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini. Alianza kulifikiria jambo hilo mwaka 1956, alipokuwa akisimamia kazi za mionzi katika hospitali moja ya Cape Town. Mwaka 1979 yeye na Godfrey Hounsfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel.

Kipo kifaa kingine kiitwacho MRI. Hiki hakitumii mionzi kama ya eksirei. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Maji yaliyo mwilini huyajibu mawimbi hayo. Majibu huja yamechanganyika, na kompyuta huyatenganisha kwa hesabu mpaka picha ipatikane.

JIRANI ZETU WA MBARARA

MRI ya hospitali kubwa ni ghali sana. Inataka umeme wa uhakika na mafundi maalumu. Je, hospitali zisizo na uwezo huo zifanyeje?

Ukivuka mpaka pale Murongo, wilayani Kyerwa, unaingia Uganda. Mbele yake ni mji wa Mbarara. Wenyeji wa huko wanapanda migomba kama sisi, na lugha yao inafanana na Kihaya. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara yupo mtaalamu aitwaye Dakta Johnes Obungoloch. Alisomea uhandisi wa vifaa vya tiba mpaka shahada ya udaktari huko Pennsylvania, Marekani. Kisha akarudi kufundisha Mbarara. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya kifaa cha MRI cha kuwafaa watoto wenye maji kichwani.

Mwaka 2022 yeye na wenzake waliunda kifaa cha MRI pale pale Mbarara, wakishirikiana na wataalamu wa Uholanzi. Vipuri vililetwa kwa ndege. Sumaku ndogo ndogo zilipangwa katika pete 23. Kifaa chote kikawekwa juu ya toroli ya alumini. Waliofanya kazi hiyo ni wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Tangu vipuri kufika mpaka picha ya kwanza kupatikana zilipita siku 11 hivi.

PICHA HAFIFU NA PICHA YA UONGO

Sumaku ya kifaa hicho ni dhaifu. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya thelathini ya sumaku inayotumika katika hospitali nyingi kubwa. Kwa hiyo picha yake ni hafifu. Mtu atasema, "Basi kompyuta iipambe, ipendeze." Je, ni vyema?

Rudini kwenye sanduku. Tuseme hatukuambiwa jumla ya B na C. Mtu anaweza kukisia: A ni 4, B ni 4, C ni 1, D ni 7. Jumla tatu zilizobaki zinakubali! Jibu linapendeza, lakini si la kweli.

Mwaka 2021 watafiti, baadhi yao wakiwa wenzake Dakta Obungoloch, walichapisha uchunguzi juu ya jambo hilo. Walichukua picha za CT za watoto wenye maji kichwani, wakazifanya hafifu. Kisha kompyuta ikafundishwa kuzipamba. Madaktari watatu wa upasuaji wa ubongo wa watoto wakaziangalia. Ilionekana kwamba picha hafifu zaweza kutosha kupanga matibabu. Zilizopambwa zilionekana safi zaidi, lakini nyingine zilikuwa na makosa ambayo yangeweza kumpoteza daktari. Kwa kichwa cha mtoto, afadhali picha hafifu ya kweli kuliko picha nzuri yenye uongo.

SISI TUFANYE NINI?

Kifaa cha Mbarara kiliundwa kwa ajili ya utafiti. Usifunge safari kwenda huko. Anza karibu na nyumbani.

1. Mpeleke mtoto kliniki kila mwezi. Mwombe muuguzi apime mzingo wa kichwa kwa utepe na kuuandika.
2. Linganisha namba ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Sasa unajua kusoma namba.
3. Ukiona kichwa kinakua upesi au utosi umetuna, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Ukipewa rufaa ya kwenda Bukoba, au Bugando kule Mwanza, usikawie.
4. Usimfiche mtoto.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja dalili tatu za maji kichwani.
2. Kwa nini madaktari wanahitaji picha kabla ya kupasua?
3. A na B ni 9. A na C ni 7. B na C ni 6. Vyote vinne ni 15. Kila chumba kina punje ngapi?
4. Je, kijijini kwetu yupo mtoto aliyefichwa? Tumsaidieje mama yake?