*TAFAKURI YA RAMADHANI – SIKU YA 10: Subira haikuzuii kwenda hospitali*



Ndugu zangu wa Mkolani, na nyote mnaotusoma kutoka mbali, Allah azikubali funga zetu.

Leo tunazungumza na mfiwa. Mwezi huu pengo linaonekana zaidi. Aliyekuwa akigonga mlango wakati wa daku hayupo. Unapakua futari sahani tano, halafu unakumbuka mko wanne. Tena kwa kauli mashuhuri, ni katika mwezi huu huu ambapo Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na Bi Khadija (r.a.), miaka mitatu hivi kabla ya Hijra. Kipindi hicho alifiwa pia na ami yake Abu Talib, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

*1. Yaaqub na macho yake*

Ukipata nafasi leo, soma Surat Yusuf, aya ya 83 hadi 86. Nabii Yaaqub (a.s.) ndiye aliyeshika subira njema. Lakini sura hiyo hiyo inatueleza kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe. Watoto wake wakamlaumu kwamba atajimaliza kwa kumkumbuka Yusuf. Yeye akajibu kuwa malalamiko yake anayapeleka kwa Allah.

Tulia hapo kidogo. Mwili wake uliugua kwa huzuni, na bado hakutoka katika wenye subira. Subira na ugonjwa vilikaa ndani ya mtu mmoja, tena Nabii. Sasa sisi tunapata wapi ujasiri wa kumwambia mjane asiyelala miezi minane kwamba imani yake ni ndogo?

*2. Watu wakishaondoka*

Msibani tunajua kukaa. Tunachanga, tunapika, tunazika, tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Kisha turubai linashushwa na kila mtu anarudi kwake. Ndipo huzuni yenyewe inapoanza.

Angalia alivyofanya Bi Aisha (r.a.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba akifiwa na mtu wa nyumbani kwake, wanawake wakishatawanyika na kubaki wa karibu tu, huagiza ipikwe talbina, uji mwepesi wa shayiri. Alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa uji huo humtuliza mgonjwa na kumpunguzia mfiwa huzuni. Maana yake, mfiwa aliangaliwa kama mtu anayehitaji tiba, na tiba hiyo ilikuja baada ya wageni kuondoka. Na mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute dawa, aliwaambia watafute, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

*3. Sisi watu wa Ziwa*

Mkoa wetu unaijua huzuni. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba ikija Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu, na makaburi ya Igoma yapo mpaka leo. Tarehe 20 Septemba 2018 ikapinduka MV Nyerere pale Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Na kila mwaka Ziwa linachukua wavuvi ambao wengine hawaonekani tena. Aliyekosa hata mwili wa kuzika ana mzigo wa peke yake: moyo unaendelea kusubiri mlango ugongwe. Mtu kama huyo usimwambie "sahau". Hawezi, na dini haikumtaka asahau.

*4. Lini twende kwa mtaalamu?*

Kulia si ugonjwa. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Wengi wetu huzuni hupungua taratibu, huku tukiendelea na kazi, ibada na watoto. Lakini wapo ambao haipungui. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua msiba wa namna hiyo kuwa ni ugonjwa: majonzi makali yanayovuka miezi 6, kupita kiasi cha mila na dini ya mhusika, na yanayomzuia mtu kuendesha maisha yake.

Ukijiona hivi, au ukimwona mwenzako hivi, usingoje:
▪️ Usingizi au chakula vimekataa kwa wiki nyingi.
▪️ Kazi, biashara au watoto vimekushinda.
▪️ Bado huamini kuwa amefariki, au unajilaumu kwa kifo chake kila siku.
▪️ Umeanza pombe au dawa za usingizi ili usifikirie.
▪️ Unatamani kufa umfuate. *Hili halingoji kesho.* Mwambie mtu sasa hivi, aende nawe hospitali leo. Na sisi wa nyumbani tusimwache peke yake, tena tuweke mbali dawa, sumu za shamba na kamba.

*5. Huko kuna nini?*

Wengi wanaogopa wakisikia "afya ya akili", wanawaza Mirembe na kuitwa chizi. Sivyo. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, sema ukweli, uombe rufaa. Hapa Mwanza tuna Sekou Toure na Bugando. Mtaalamu atakuuliza unalalaje, unakula nini, unawaza nini. Mara nyingi tiba ni mazungumzo ya siku kadhaa: unasaidiwa kusimulia kifo kile mpaka moyo uweze kukibeba, na kurudia yale uliyoyakimbia. Si kila mtu hupewa vidonge, hutolewa kama kuna haja, mfano sonona.

Dada yangu, unaweza kuomba mshauri mwanamke, na kwenda na ndugu yako. Kaka yangu, hakuna aya inayosema mwanaume asilie. Kuzungumza na daktari hakufunguzi. Kama una vidonge, muulize daktari jinsi ya kuvipanga kati ya futari na daku, usiviache mwenyewe. Na akikwambia kufunga kutakudhuru, mgonjwa ana ruhusa ya Mola wake. Kisomo na dua viendelee, havigombani na dawa.

*Amali ya leo:* mkumbuke mtu mmoja aliyefiwa zaidi ya miezi 3 iliyopita, ambaye hakuna anayemuuliza tena. Mpelekee futari, ukae naye. Usimhubirie, msikilize. Ukiona dalili tulizotaja, mwambie: "Kesho twende wote hospitali." Nauli ya daladala mlipie wewe.

Ewe Mola uliyemrudishia Yaaqub macho yake, waponye wafiwa wetu, warehemu marehemu wetu, waliozikwa na waliobaki majini, utukutanishe nao Peponi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako, huenda yeye ndiye anayeusubiri ujumbe huu.