Kufundisha Sataranji kwa Kuanzia na Bao

Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kufundisha sataranji, ambayo vijana siku hizi huiita chesi, katika shule isiyoweza kununua hata seti moja. Tunawafikiria hasa wale watakaopangiwa shule za vijiji vya Tabora, kando ya njia ya kale ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, ambako darasa moja laweza kuwa na watoto 80 na madawati machache.

Hapana haja ya kutafuta mfano mbali. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala, na pamoja na mchezo aliwapa uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alijipatia cheo cha kimataifa cha ngazi ya mwanzo kwa wanawake katika Olimpiadi ya Istanbul ya mwaka 2012. Katika habari hiyo mwalimu azingatie mambo mawili kuliko ushindi wenyewe: kwanza uji, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hafikirii, na pili, kwamba Phiona alifundishwa hatua za awali na mtoto mdogo kuliko yeye. Penye watoto 80 na mwalimu mmoja, hilo la pili ndilo litakalomwokoa mwalimu.

Yafaa pia tuwaambie wazazi ukweli. Wapo wasemao kwamba sataranji hupandisha alama za hisabati. Huko Uingereza jambo hilo lilipimwa katika shule 100, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha ongezeko lolote la alama mwaka mmoja baada ya mafunzo kumalizika. Basi tusiuuze mchezo huu kama dawa ya mtihani. Tuufundishe kwa sababu humzoesha mtoto kutazama kabla ya kugusa, na kwa sababu mtoto wa mkulima anastahili mchezo wa akili sawa na mtoto wa tajiri. Mzazi akinung'unika kuwa michezo ni uvivu, akumbushwe kwamba Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha papa hapa, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao.

Na bao ndilo tunaloanzia. Mtoto wa Tabora amewaona wazee wakilicheza chini ya miembe. Jirani zetu Wasukuma wana lao waliitalo isolo. Tumia bao la kujifunza: mashimo 32 katika safu 4, kila shimo kete 2, jumla kete 64. Mashimo huchimbwa ardhini, na kokoto zatosha kuwa kete.

Kila mchezaji ana mashimo 16 yanayozunguka. Yapewe namba 1 hadi 16. Baada ya raundi chache za kucheza, simamisha mchezo na uulize: kuna kete 5 katika shimo la 14, je, ya mwisho itaangukia wapi? Wengi watanyoosha mkono ili wazigawe. Wazuie. Mikono iwe nyuma, macho yahesabu: 15, 16, kisha 1, 2, 3. Halafu andika ubaoni: 14 + 5 = 19; 19 – 16 = 3. Shimo la 3 likiwa tupu, mchezaji atalala na zamu itahama. Kwa hiyo jibu la hesabu lina faida au hasara papo hapo, jambo ambalo zoezi la daftarini halina. Usiharakishe hapa. Wiki mbili si nyingi.

Mtoto aliyezoea kuweka mikono nyuma hatashangazwa na sharti la sataranji kwamba ukigusa kipande chako lazima ukisogeze. Chora ubao wa miraba 64 kwa mkaa juu ya boksi lililokunjuliwa. Vipande viwe vizibo vya soda, kama vile vya drafti, vyenye alama za rangi. Usifundishe vipande vyote siku moja, kosa tunaloliona mara kwa mara wakati wa mazoezi ya kufundisha. Siku ya kwanza weka vitunda tu, yaani askari wa mbele, 8 kwa 8: husonga mbele mraba mmoja, hula kwa kwenda mshazari, na wa kwanza kufika upande wa pili ameshinda. Kipindi cha dakika 40 chaenea mizunguko kadhaa. Baadaye aingie shaha, kisha ngome. Farasi, mwenye mwendo wa kupinda, asubiri hadi mwisho.

Neno kuhusu wasichana. Barazani bao huchezwa zaidi na wanaume, na watoto huja shuleni na mazoea hayo: mvulana huketi kucheza, msichana husimama kutazama. Mwalimu asingoje jambo hilo lijirekebishe. Wasichana kadhaa wafundishwe kwanza, siku moja kabla ya wengine, kisha wawe ndio viongozi wa vikundi.

Kabla ya kutawanyika kila kiongozi ahesabu vizibo vyake: 32, nusu rangi hii na nusu ile. Kikipungua kimoja, kokoto yatosha hadi kesho.