Kiingereza cha Kambini: Kugawa Kazi kati ya Mkufunzi na Simu

Ulinzi House, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Kenya, iko kando ya barabara ya Lenana, mtaani Hurlingham. Anayepita nje akielekea Yaya huona ukuta, lango na walinzi. Shughuli za ndani, sawa na za ofisi nyingine za serikali, huandikwa zaidi kwa Kiingereza: barua, kumbukumbu za mikutano, maombi ya vifaa, ripoti kutoka vikosini. Kijana aliyeingia jeshini na cheti cha KCSE chini ya mfumo wa 8-4-4 alikisoma Kiingereza shuleni miaka kumi na miwili. Lakini kufaulu mtihani wa insha hakumaanishi kwamba ataelewa ujumbe wa redio wa afisa kutoka Bangladesh, helikopta ikinguruma juu na majeruhi wakisubiri.

Makala haya ni ya wakufunzi, maafisa wanaopanga mafunzo, na askari anayetaka kujiendeleza. Yanaeleza mafunzo mseto ya Kiingereza: mpango ambao sehemu ya somo hufanyika darasani mbele ya mkufunzi, na sehemu nyingine mwanafunzi huifanya mwenyewe kwa simu au tarakilishi, sehemu zote mbili zikitegemeana. Nashikilia jambo moja tangu mwanzo. Saa za mkufunzi ni chache mno kupotezwa kwa kazi ambayo askari anaweza kuifanya peke yake. Kusikiliza, kusoma na kujifunza msamiati kuhamie kwenye simu. Darasa libaki la kusema, kuandika na kusahihishwa.

Haja ya lugha ya pamoja jeshini haikuanza leo, ila imebadilika. Katika King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, askari walizungumza Kiswahili na maafisa Waingereza walitakiwa kukijifunza. Jeshi la Wananchi wa Tanzania linaendesha shughuli zake kwa Kiswahili hadi sasa, na katika kambi za Kenya ndiyo lugha ya mazungumzo ya kila siku. Kiingereza kinambana askari wetu hasa anapovuka mpaka. Kenya ilipeleka wanajeshi Namibia mwaka 1989 chini ya Umoja wa Mataifa. Jenerali Daniel Opande aliongoza kikosi cha kulinda amani Sierra Leone kuanzia mwaka 2000, kikosi kilichoidhinishiwa wanajeshi 17,500 kutoka Nigeria, Pakistan, Bangladesh, Zambia na kwingineko. Huko Somalia, Uganda na Burundi zilitangulia mwaka 2007, Djibouti ikafuata mwaka 2011, Kenya ikajiunga rasmi na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, mwaka 2012, na Ethiopia mwaka 2014. Warundi na Wadjibouti wametoka katika nchi zilizozoea Kifaransa. Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki, ambacho sekretarieti yake iko Karen, kina mchanganyiko huohuo, na Komoro juu yake.

Kwa hiyo Mkenya ana mzigo wa pande mbili. Anapaswa kuelewa Kiingereza cha lafudhi nyingi, na anapaswa kukizungumza kwa namna ambayo Mrundi aliyejifunza ukubwani ataielewa. Jambo hili la pili husahaulika. Askari aliyekulia Nairobi hukiendesha Kiingereza kwa kasi, akichanganya na Sheng bila kujua, kisha hushangaa mwenzake anapoitikia kwa kichwa tu halafu afanye jambo tofauti.

Sasa tuangalie saa. Makadirio ya Cambridge ni kwamba mwanafunzi anayeanza kutoka sifuri huhitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa ili afike kiwango cha B1, yaani kumudu mazungumzo ya kawaida na kuandika ujumbe mfupi unaoeleweka. Kufika B2 ni saa 500 hadi 600. Kozi ya mwezi mzima, saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, ni takriban saa 100. Na nani anayepata mwezi mzima? Askari huitwa lindo, luteka, likizo, doria, au hupelekwa kikosi kingine kozi ikiwa katikati. Akirudi baada ya wiki tatu, wenzake wamesonga mbele na alichokuwa nacho kimeanza kufifia. Hapa ndipo sehemu ya simu huwa na maana: humshika asikatike. Dakika ishirini kila siku kwa siku tano ni zaidi ya saa moja na nusu kwa wiki, na zinaweza kufanyika Lanet, Eldoret au ng'ambo ya mpaka.

Ila tusiusifu mtambo kupita kiasi. Mwaka 2009 Wizara ya Elimu ya Marekani ilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu masomo ya mtandaoni. Waliosoma kwa njia mseto walifanya vizuri kuliko waliosoma darasani pekee. Lakini watafiti wenyewe walionya kwamba tofauti hiyo haikuletwa na tarakilishi kama tarakilishi. Wanafunzi wa mseto mara nyingi walikuwa wamepewa muda zaidi na vifaa zaidi. Kikosi kikinunua vishikwambi halafu kikapunguza saa za mkufunzi ili kuokoa pesa, kimekosa funzo lote la utafiti huo.

Anza kwa kujua kila mwanafunzi yuko wapi. Nchi za NATO hutumia kipimo kiitwacho STANAG 6001, chenye ngazi kuanzia 0 hadi 5, na hupima stadi nne kila moja peke yake: kusikiliza, kusema, kusoma, kuandika. Matokeo huandikwa kwa tarakimu nne. Mwenye 3221 husikiliza vizuri, husema na kusoma kwa wastani, lakini kuandika kunamshinda. Hata kama kikosi chako hakitumii kipimo hicho, chukua wazo lake. Askari wengi wa Kenya wanajieleza kwa mdomo lakini ripoti zao za maandishi hazina mpangilio, na kuwaweka wote katika darasa moja la sarufi ni kuwachosha bure. Marubani na waongoza ndege wana masharti yao: shirika la ICAO hudai angalau kiwango cha 4 katika usafiri wa anga wa kimataifa, na mwenye kiwango hicho hupimwa upya kila baada ya miaka mitatu au chini ya hapo.

Baada ya hapo, jenga somo juu ya kazi halisi. Chukua mfano wa kuomba ndege ya kubeba majeruhi. Majeshi mengi hutumia fomu ya mistari tisa: mahali pa kuchukulia, masafa ya redio na jina la mwito, idadi ya majeruhi kwa uzito wa hali zao, vifaa maalumu, wangapi wa machela na wangapi wanaotembea, usalama wa eneo, alama ya mahali pa kutua, uraia wa majeruhi, na hali ya ardhi. Jumatatu jioni askari anasikiliza kwenye simu rekodi tatu za ombi hilo, moja kwa sauti ya Mganda, moja ya Mhindi, moja ya Muingereza, na kuijaza fomu. Anaruhusiwa kurudia rekodi mara nyingi apendavyo, jambo ambalo darasani lingemwaibisha. Jumanne anafanya zoezi la tarakimu na alfabeti ya redio. Jumatano anajirekodi akituma ombi lake mwenyewe na kulipeleka kwa mkufunzi. Alhamisi wanakutana darasani, wawili wawili, wamepeana migongo wasisomane midomo, mmoja akituma na mwingine akiandika. Mkufunzi alishasikiliza rekodi za jana na anajua kwamba watu kumi hawatofautishi kumi na tatu na thelathini kwa Kiingereza. Saa yake yote inaingia hapo, kwa sababu kosa hilo moja linaweza kuleta ndege yenye nafasi ndogo au kuituma mahali pasipo na mtu.

Kuna maneno ambayo shule haikuyafundisha. Mwanafunzi aliyezoea kumwambia mwalimu «repeat» asipomsikia lazima aiache tabia hiyo redioni, kwa maana katika mawasiliano ya mizinga neno hilo huamuru kupiga tena shabaha ileile. Redioni husemwa «say again». Mambo ya aina hii hayashiki kwa kusomwa mara moja. Yanataka mazoezi mafupi yanayorudi baada ya siku mbili, wiki moja, mwezi mmoja, na simu hufanya kazi hiyo bila kuchoka.

Cheo nacho huingia darasani. Koplo akiketi na meja, koplo hatafungua mdomo kukosea mbele yake, na meja naye hatapenda kusahihishwa mbele ya koplo. Rekodi ya sauti inayokwenda kwa mkufunzi peke yake huondoa sehemu kubwa ya haya hiyo. Inapowezekana, gawa vikundi vya kusema kwa cheo, hasa katika wiki za mwanzo. Na sajini mwenye Kiingereza kizuri apewe mafunzo mafupi ya kusimamia mazoezi, ili kombania isisubiri mkufunzi mmoja anayezunguka kambi nne.

Usalama si jambo la kumalizia tu. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilikuwa ikionyesha njia ambazo wanajeshi walikuwa wakikimbia ndani ya kambi zao, zikiwemo za Syria na Afghanistan. Programu ya lugha inaweza kufichua mengi vilevile: mahali ulipo, sauti yako, orodha ya watu wako. Basi weka masharti kabla ya somo la kwanza. Huduma ya mahali izimwe. Jina la kikosi lisiandikwe popote. Mazoezi yatumie majina ya kubuni ya vijiji na ya operesheni, kamwe yasitumie ripoti halisi, hata iliyopitwa na wakati. Kundi la WhatsApp lisiwe darasa. Programu ya Moodle, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ni ya bure na inaweza kuwekwa kwenye seva ya jeshi lenyewe, nyuma ya ulinzi wake. Mwanafunzi hupakua masomo akiwa kwenye mtandao wa kambi na kuyafanya baadaye bila intaneti. Mahali simu haziruhusiwi, chumba chenye tarakilishi kadhaa zisizounganishwa nje kinatosha kabisa.

Nina neno kwa wakuu wa vikosi kuhusu muda na bando. Zoezi la simu likiachwa lifanywe «ukipata nafasi», askari aliyetoka lindo usiku atalala, na ana haki ya kulala. Dakika hizo ishirini ziandikwe kwenye ratiba ya siku kama gwaride linavyoandikwa, na gharama ya mtandao isitoke kwenye mshahara wa kuruta. Afisa wa mafunzo aangalie kila wiki nani hajafungua somo, kisha aulize sababu kabla ya kukemea. Mara nyingi sababu ni chaji, au simu iliyovunjika kioo.

Askari aliye kazini Hurlingham ana bahati ya jirani zake. British Council iko Upper Hill, na Maktaba Kuu ya Kenya iko Community. Zote si mbali na barabara ya Lenana. BBC Learning English ni bure kwa yeyote mwenye simu. Anayejiandaa kwa ujumbe wa amani asome pia nyenzo za Umoja wa Mataifa za kabla ya kupelekwa kazini, zinazopatikana kwa Kiingereza: atajifunza lugha na kazi kwa pamoja.

Kipimo cha mwisho kisiwe mtihani wa kuchagua jibu. Mpe askari rekodi ambayo hajawahi kuisikia, ya lafudhi ngeni, yenye kelele nyuma, na dakika tano za kuandika ripoti ya hali. Ripoti hiyo mpe afisa ambaye hakuisikia rekodi, aeleze kilichotokea. Akieleza sawasawa, askari amefaulu.

Kwa afisa wa mafunzo anayesoma haya: chagua kombania moja, wiki kumi na mbili, kazi tatu za redio na mbili za kuandika. Wapime kabla na baada, na uiweke pembeni kombania nyingine inayoendelea kwa njia ya zamani ili ulinganishe. Usitangaze kozi ya jeshi zima kabla ya kuwa na matokeo hayo mezani.